Siku Moja, Sufuria Hamsini

"Mimi ni kisanduku kidogo. Sikutumbukiziwa kura maelfu kwa maelfu. Nilitumbukiziwa vikaratasi vitatu tu, vimeviringishwa, vyote vya ukubwa mmoja. Kimoja kimeandikwa 1, kingine 2, kingine 3. Ilikuwa tarehe 15 Mei 1789, mjini New York. Mabwana watatu wakaingiza mikono yao, mmoja mmoja, kila mtu akatoka na chake."

Hivyo ndivyo kisanduku kile kingesimulia kama kingekuwa na mdomo. Basi leo tukipe mdomo, wanangu, maana kiliona jambo kubwa.

Najua mnachotaka kuuliza. "Mjomba, mabwana wale walikuwa wanatafuta nini humo ndani?"

Swali zuri sana hilo! Walikuwa wanatafuta zamu ya kuondoka.

Marekani ilikuwa nchi changa. Bunge lake lilikuwa na mabaraza mawili, na moja liliitwa Seneti. Kila jimbo, liwe kubwa liwe dogo, lilitakiwa kupeleka maseneta wawili. Seneta angekaa miaka sita. Sasa fikirini. Wote wakiingia siku moja, wote watatoka siku moja. Atabaki nani anayejua kazi iliachwa wapi? Kwa hiyo Katiba iliagiza maseneta wagawanywe makundi matatu, na kila baada ya miaka miwili kundi moja tu liende kuchaguliwa.

Lakini nani aanze kuondoka? Hakuna anayependa kutangulia. Ndipo kisanduku kikaitwa. Tristram Dalton wa Massachusetts alitoka na namba 1, na kundi lake likapata miaka miwili tu. Paine Wingate wa New Hampshire alitoka na namba 2, likawa kundi la miaka minne. John Langdon, naye wa New Hampshire, alipata namba 3, miaka sita kamili. Kikaratasi hakina mjomba wala shangazi. Kila mtu alikubali alichokitoa.

Na makundi yale yapo mpaka leo, wanangu. Siku hizi majimbo ni 50 na maseneta ni 100. Kundi la kikaratasi namba 2 zamu yake ya kwenda kwa wapiga kura ni tarehe 3 Novemba 2026. Bwana Wingate alikwisha kufariki zamani, lakini kikaratasi chake bado kinahesabu miaka.

Kisanduku kinataka kuongeza neno. Kiacheni kiseme.

"Nilikuwa New York, katikati ya mji wa New York, ndimo Seneti ilimokuwa inakutana. Nikawatafuta maseneta wa New York. Hawakuwepo! Wageni wamefika, wenyeji hawapo!"

Walikuwa wapi? Walikuwa hawajachaguliwa. Wakati ule wananchi hawakumpigia kura seneta. Waliomchagua ni wabunge wa bunge la jimbo. Na bunge la New York lilikuwa na mabaraza mawili yaliyogombana. Hawakugombana juu ya mtu. Waligombana juu ya namna ya kumchagua. Je, kila baraza lipige kura peke yake, au wakae wote pamoja chumba kimoja? Walivutana miezi na miezi. Maseneta wa New York waliingia mwezi Julai, wakati wenzao wameshafanya kazi tangu Aprili.

Basi hapo ndipo penye hadithi yetu. Mtu anaweza kuwa tayari, kiti kikawa tayari, na kazi ikakwama kwa sababu hakuna aliyepanga *siku gani* na *namna gani*. Watoto wengi huuliza nani alishinda. Ninyi mmeuliza ilipangwaje, na hilo linanifurahisha sana.

"Sasa Mjomba, nani anapanga?"

Nitawajibu kwa sufuria. Mnaijua siku ya Idi. Idi ni siku moja kwa mtaa mzima. Lakini je, mtaa mzima unapika sufuria moja? La. Kila nyumba inapika pilau yake. Huyu anazidisha iliki, yule anazidisha bizari nyembamba, wa tatu anapenda ukoko. Ndivyo ilivyo Marekani. Katiba yao imesema kila jimbo lipange muda, mahali na namna ya kuwachagua maseneta wake. Lakini ikaongeza: Bunge la nchi linaweza kuingia jikoni na kubadilisha kanuni hizo, isipokuwa ya mahali pa kuwachagulia maseneta. Siku moja, sufuria hamsini.

Kenya nayo ina Seneti, kama baadhi yenu mnavyojua, na kila kaunti kati ya 47 humchagua seneta wake. Lakini kule Kenya tume moja, IEBC, ndiyo inayosimamia uchaguzi wa nchi nzima, na Katiba imeitaja siku yenyewe: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Marekani haina tume moja ya namna hiyo. Kila jimbo lina jiko lake.

Zamani majiko mengine yaliungua vibaya. Mwaka 1866 Bunge la nchi lilitunga sheria kuyasaidia. Ilisema hivi: mabaraza ya bunge la jimbo yakishindwa kukubaliana, basi yakae pamoja na kupiga kura angalau mara moja kila siku, mpaka seneta apatikane. Kila siku! Lakini sheria ile haikuweza kumlazimisha mtu akubaliane na mwenzake. Huko Delaware, jimbo dogo la pwani, wabunge walivutana mpaka kiti kimoja kikabaki kitupu tangu 1899. Kisha cha pili nacho kikawa kitupu. Tangu 1901 mpaka 1903 Delaware haikuwa na seneta hata mmoja. Hata mmoja, wanangu! Sheria zilijadiliwa, kodi zilijadiliwa, na hakuna sauti ya Delaware katika Seneti.

Wananchi wakachoka. Wakaanza kuuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: "Kwa nini tusimchague sisi wenyewe?"

Oregon, jimbo la magharibi, lilipata ujanja mzuri ninaoupenda mpaka leo. Katiba bado ilisema wabunge wa jimbo ndio wachaguzi. Sawa. Basi wananchi wa Oregon wakapiga kura yao kwanza, kisha wakawataka wagombea wa bunge la jimbo watie saini ahadi kwamba watamchagua yule aliyependwa na wananchi, awe wa chama chochote. Mwaka 1908 wananchi walimpenda George Chamberlain, mtu wa Chama cha Democratic. Wabunge wengi walikuwa wa Chama cha Republican. Je, walivunja ahadi? Hawakuivunja. Mwaka 1909 walimpigia kura mtu wa chama kingine, kwa sababu walikuwa wamesaini.

Mwaka 1913 yakaja Marekebisho ya 17 ya Katiba: seneta achaguliwe na wananchi. Na mwaka 1914 Bunge la nchi likaweka siku ya Idi yenyewe. Ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa tangu 1845 kwa ajili ya uchaguzi wa rais.

"Jumanne? Kwa nini isiwe Jumapili, Mjomba, watu wapo nyumbani?"

Kwa sababu ya farasi. Mkulima wa 1845 aliishi mbali na mji. Jumapili yupo kanisani. Jumatatu anafunga farasi kwenye mkokoteni na kushika njia. Jumanne anapiga kura. Jumatano anataka kuwahi soko. Na Novemba mavuno yameshaingia ghalani, baridi kali haijafika. Farasi wameondoka barabarani, lakini Jumanne yao imebaki.

Siku moja, sufuria hamsini. Njooni sasa tufunue vifuniko.

Katika North Dakota hakuna kujiandikisha kabla ya kupiga kura. Unakwenda na kitambulisho chako, basi. Oregon watu hupiga kura kwa posta. Bahasha ingeweza kujisifu: "Mimi ndiye niliyemchagua Ron Wyden!" Na ingesema kweli, maana mwezi Januari 1996 Wyden alipata useneta katika uchaguzi uliofanywa wote kwa posta. California wagombea wote huingia kwenye mchujo mmoja na wawili wa juu ndio wanaosonga mbele, hata wakiwa wa chama kimoja. Mwaka 2016 waliobaki walikuwa Kamala Harris na Loretta Sanchez, wote wa Chama cha Democratic. Maine mpiga kura hupanga wagombea: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata.

Lakini sufuria ninayotaka muichungulie vizuri ni ya Georgia. Majimbo mengi husema hivi: aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama hakufika nusu. Georgia inasema: hapana, lazima uvuke nusu. Usipovuka, wawili wa juu warudi tena.

Novemba 2020 seneta David Perdue alipata asilimia 49.7. Jon Ossoff alimfuata akiwa na chini ya asilimia 48. Katika majimbo mengi Perdue angekwenda nyumbani kulala, ameshinda. Katika Georgia alikosa kama punje ya mchele. Wakarudi kwa wapiga kura tarehe 5 Januari 2021, na Ossoff akashinda. Siku hiyohiyo, katika kiti cha pili, mchungaji Raphael Warnock naye alishinda duru ya pili, akawa seneta wa kwanza Mweusi wa Georgia. Kwa viti hivyo viwili Seneti ikawa 50 kwa 50, na kura ya kuamua ikabaki mkononi mwa makamu wa rais. Mnaona, wanangu? Watu walewale, jimbo lilelile, lakini kanuni moja ya jikoni ilibadilisha Seneti nzima.

Baadaye mwaka huohuo wa 2021 Georgia ilibadilisha kanuni nyingine: muda wa kusubiri duru ya pili ulipunguzwa kutoka wiki tisa hadi wiki nne. Warnock aliporudi ulingoni mwaka 2022, duru ya pili ilikuwa tarehe 6 Desemba. Akashinda tena.

"Je, kama jina la mtu halimo kabisa kwenye karatasi ya kura?"

Hee, akili hiyo! Kuna majimbo yanayoacha mstari mtupu, ukaandika jina unalolitaka. Huko Alaska mwaka 2010 seneta Lisa Murkowski alishindwa kwenye mchujo wa chama chake. Jina lake likatoka kwenye karatasi. Akawaambia watu: liandikeni wenyewe. Lakini Murkowski si jina rahisi. Watu wake wakagawa bangili za mpira zenye herufi zake zote, mpiga kura avae mkononi na kuchungulia. Waliokosea herufi je? Mshindani wake alitaka kura zao zitupwe. Mahakama Kuu ya Alaska ikasema: kama nia ya mpiga kura inaonekana, kosa la herufi lisiitupe kura yake. Akashinda. Tangu 1954 hapakuwa na seneta aliyeshinda kwa jina la kuandikwa kwa mkono.

Sasa tufike palipo pagumu. Seneta akifariki au akijiuzulu, inakuwaje? Marekebisho ya 17 yanasema gavana aitishe uchaguzi. Lakini bunge la jimbo likitaka, linaweza kumruhusu gavana ateue mtu wa kushikilia kiti kwa muda. Na hapa siku moja ya Idi haitumiki. Jimbo ndilo linalopanga. New Jersey mwaka 2013 gavana aliweka uchaguzi mdogo siku ya Jumatano, tarehe 16 Oktoba, na uchaguzi wa kawaida wa jimbo ulikuwa tarehe 5 Novemba. Watu waliitwa kwenye vituo mara mbili ndani ya wiki tatu.

Massachusetts ilifanya jambo ambalo mimi silipendi, na nitawaambia kwa nini. Mwaka 2004 gavana alikuwa wa Republican. Seneta John Kerry wa Democratic alikuwa anagombea urais. Wabunge wa jimbo, wengi wa Democratic, wakaogopa: Kerry akishinda, gavana atateua mtu wake. Wakamnyang'anya gavana kijiko, yaani uwezo wa kuteua. Kerry hakushinda, kanuni ikabaki. Mwaka 2009 seneta Ted Kennedy akafariki. Safari hii gavana alikuwa wa Democratic. Wabunge wakamrudishia kijiko haraka, akamteua Paul Kirk akae kwa muda. Kisha tarehe 19 Januari 2010 wananchi wakapiga kura, wakamchagua Scott Brown, mtu wa Republican.

Hawakuvunja sheria. Lakini mpishi anayebadilisha kipimo cha mchele kila akiona uso wa mgeni anayeingia, huyo simwamini. Kanuni ipangwe kabla hatujajua itamfaa nani.

"Mjomba, ungekuwa wewe ungepangaje?"

Ningefuata Oregon na Wisconsin. Kule gavana hateui mtu. Kiti kikiwa wazi, kinakaa wazi mpaka wananchi wapige kura. Najua mtasema, basi jimbo litakaa na seneta mmoja miezi kadhaa, wakati wenzao wana wawili. Ni kweli, na hasara hiyo si ndogo. Lakini ni miezi, si miaka kama ya Delaware, na kila anayekalia kiti hicho amepewa na wapiga kura wa jimbo lake.