Je, Wajua? Abiria anaweza kuhisi ubovu wa bodaboda kabla ya dereva

Abiria hukaa karibu kabisa na gurudumu la nyuma, kwa hiyo mtetemo wa huko humfikia yeye kwanza, huku dereva akiona mambo shwari. Akilalamika, asipuuzwe.

Barabara ikiwa tupu na imenyooka, dereva aachie mafuta na kukamata klachi pikipiki ikiwa mwendoni. Mtetemo ukikata papo hapo, mshukiwa wa kwanza ni injini, au bolti zinazoifunga kwenye fremu. (Injini ya silinda moja hutetemeka kwa asili yake, kinachotafutwa ni mtetemo uliozidi.) Ukiendelea na kufifia kadiri mwendo unavyopungua, tatizo liko kwenye magurudumu au cheni.

Zima injini, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gia huru, kisha zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Cheni inayokaza hapa na kulegea pale imechoka; kuipaka oili hakutaiponya. Shika tairi ulitikise kushoto na kulia: likicheza, beringi au bushi zimekwisha, na abiria asipakiwe mpaka fundi azibadilishe. Spoku nazo zigonge kwa spana moja moja. Iliyolegea hutoa sauti butu.