Kwa nini Mangi Horombo hakujenga ziwani

Wapandaji wa njia ya Marangu hulala Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na wengi wao hudhani ni jina la kambi tu. Horombo alikuwa mangi wa Keni, Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19, na ngome yake ya mawe aliijenga huku chini, penye migomba. Ukitoka Moshi unapita Himo, unapanda hadi Marangu Mtoni, kisha unashika barabara ya Mwika kwenda Mkuu.

Aliyezoea picha za makasri ya Ulaya yaliyozungukwa na maji atauliza swali la haki. Rombo ina ziwa, tena zuri, la Chala, ndani ya kasoko ya volkano mpakani na Kenya. Mbona mangi hakulitumia? Simama ukingoni utajijibu mwenyewe. Kuta za kasoko zinatelemka wima karibu hadi majini, na kupanda nazo ndoo kichwani ni adhabu. Pembeni ni nyika kavu isiyoota ndizi, ambako Wamaasai walichunga na kupita. Maji ya Mchagga hayakuchotwa bondeni. Yaliteremka kutoka msituni kwa mfongo, mfereji unaofuata mteremko hadi kihambani. Hata Chala lenyewe hulishwa kwa sehemu kubwa na mvua za mlimani zinazopenya na kupita chini ya ardhi. Ngome ikakaa palipo na watu, chakula na mfongo. Hatari yake ilikuwa hapo hapo, maana anayekaa juu yako anaweza kukuzibia maji. Nadhani mangi yeyote aliyejenga mlimani alilazimika kuwatazama majirani wa juu kwa makini kuliko adui wa nyikani.

Sasa kuta zenyewe. Kilwa walichoma matumbawe wakapata chokaa. Keni hakuna matumbawe, kuna mawe ya volkano, nayo yalipangwa makavu. Ukuta wa namna hiyo unashikwa na uzito wake pamoja na akili ya mpangaji: jiwe la juu likalie kiungo cha mawili ya chini, na vipande vidogo vikaze mianya. Chuchumaa utazame viungo. Vikipishana, hapo pana mkono wa fundi. Vikifuatana wima, au mawe yakiwa yamelala ovyo, pameporomoka au pamerudishiwa baadaye. Masimulizi yanasema vijana wa rika ndio waliobebeshwa mawe. Maadui wa ukuta kama huo ni mizizi, na jirani anayetafuta mawe ya msingi wa nyumba. Wa pili ndiye mbaya zaidi.

Horombo aliuawa akipigana na Wamaasai, na himaya yake ikasambaratika. Upande wa pili wa mlima, Mangi Sina wa Kibosho naye alijizungushia mawe. Februari 1891 Hermann von Wissmann akamjia na mizinga, huku wapiganaji wa Mangi Rindi wa Moshi wakimsaidia. Kuta zilizowatosha wenye mikuki hazikufua dafu, na Sina akasalimu amri.

Kisheria, ngome hizi mbili haziko sawa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kuta za Horombo zimo. Sina alitawala baada ya hapo, kwa hiyo mawe yake yanahitaji tangazo la serikali ili yapate ulinzi huo huo, ingawa ni huko Kibosho ambako mlima ulikutana na mizinga ya Wajerumani. Mwaka huo mmoja uliochaguliwa na watunga sheria unanikera kila ninapouona.

Wageni wengi huishia kwenye mahandaki ya Marangu, walikojificha watu na ng'ombe wakati wa vita, na si vibaya. Ila ukienda Keni, bisha hodi kwanza, kwani hapo ni mashambani kwa watu. Mwombe mzee wa jirani akuongoze, usihamishe jiwe hata moja, na umuulize mfongo wa zamani ulipita wapi kabla hujauliza lango lilikuwa wapi.