Ardhi Ikiuzwa kwa Amri ya Mahakama, Deni la Reti Hulipwa na Nani?

Kiwanja kinapopigwa mnada kwa amri ya mahakama, macho ya wengi huwa kwenye bei. Mdai anataka fedha zake, mnunuzi anataka hati, naye aliyekuwa mmiliki anasubiri kuona kama atabakiwa na chochote. Kuna swali ambalo huulizwa kwa kuchelewa, mara nyingi mnunuzi akiwa tayari amesimama kwenye dirisha la ofisi ya mapato ya kaunti: deni la kodi ya ardhi lililolimbikizwa kwa miaka kumi litalipwa na nani, na kutoka mfuko upi?

Kwa ufupi, deni hilo linapaswa kutoka kwenye fedha za mauzo, tena kabla ya madeni mengine mengi kuguswa. Lakini njia ambayo ardhi imefikia mnadani hubadilisha mambo kiasi, na wananchi wengi hupoteza fedha zao kwa kutoijua tofauti hiyo.

Kodi ya ardhi, ambayo wengi huiita reti, hutozwa na kaunti chini ya Kifungu cha 209 cha Katiba. Hukadiriwa kwa kufuata daftari la uthamini, na kwa kawaida hutegemea thamani ya kiwanja chenyewe, si ya nyumba iliyo juu yake. Reti si pango la ardhi. Pango hulipwa Serikali ya Kitaifa na wenye ardhi ya kukodishwa kwa muda, kama vile miaka 99. Mtu anaweza kuwa na risiti zote za pango na bado akadaiwa reti za miaka mingi. Hali ya kuchanganya malipo haya mawili ni ya kawaida sana, na huwakuta hata watu waliosoma.

Deni linaloishika ardhi

Deni la dukani humfuata aliyekopa. Deni la reti humfuata mmiliki na pia huishika ardhi yenyewe. Chini ya Sheria ya Reti, Sura ya 267, iliyotumika nchini tangu miaka ya 1960 hadi ilipokuja Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024, kaunti iliruhusiwa kumwandikia Msajili wa Ardhi ili deni hilo liwekwe kwenye rejista ya kiwanja kama mzigo.

Kutoandikishwa hakulifuti deni hilo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataja reti zisizolipwa miongoni mwa haki zinazoishika ardhi hata pale ambapo hazikuandikwa kwenye rejista. Hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Mtu huenda ofisi ya ardhi, hufanya upekuzi wa hati, huona jina la mmiliki na rehani ya benki, kisha huondoka ameridhika. Upekuzi huo hauonyeshi kama reti zimelipwa. Taarifa hiyo iko katika ofisi ya mapato ya kaunti, na hupatikana kwa kutumia nambari ya kiwanja.

Kisha kuna mlango wa mwisho, ambao hauna njia ya mkato. Kwa kawaida, uhamisho wa ardhi iliyo katika eneo linalotozwa reti huhitaji cheti cha kaunti kinachoonyesha kwamba ardhi hiyo haidaiwi. Mnunuzi aliyeshinda mnada, akalipa kila shilingi na kupewa karatasi za mahakama, bado atahitaji cheti hicho kabla jina lake halijaingia kwenye rejista.

Njia mbili za kufika mnadani

Njia ya kwanza ni ya rehani. Mwenye ardhi amekopa, ameshindwa kulipa, na mkopeshaji anatumia haki yake ya kuuza. Sheria ya Ardhi ya 2012 humtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha deni, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye, chini ya Kanuni za Madalali za 1997, hutoa siku 45 za kukomboa mali, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza la gazetini. Mkopeshaji halazimiki kuanzia mahakamani, ila mengi ya mauzo haya huishia huko, kwa kuwa mdaiwa hukimbilia kutafuta amri ya kuyazuia na mahakama ndiyo huamua kama yataendelea.

Kwa mauzo ya namna hii sheria haikuacha nafasi ya kubishana. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi kinapanga foleni ya malipo. Wa kwanza ni reti, pango, kodi na malipo mengine yanayodaiwa juu ya ardhi hiyo. Zinafuata rehani za awali ambazo ardhi iliuzwa ikiwa nazo, halafu gharama halali za mauzo. Baada ya hapo ndipo mkopeshaji anayeuza huchukua deni lake na riba yake. Rehani za baadaye hulipwa kwa kufuatana, na kinachobaki ni cha mwenye ardhi. Kwa maneno mengine, kaunti hulipwa kabla ya benki, na benki haiwezi kusema fedha zimeisha huku yenyewe imekwisha kuchukua chake.

Njia ya pili ni ya kutekeleza hukumu. Mtu ameshtakiwa, ameshindwa kesi, hajalipa, na mshindi anaiomba mahakama iuze ardhi yake. Anayedai anaweza kuwa jirani, mfanyabiashara, mwajiriwa wa zamani au hata kaunti yenyewe, inayofungua kesi ya reti baada ya mwenye kiwanja kupuuza notisi za madai. Katika kundi hili wamo pia warithi walioshindwa kuelewana, mahakama ikaamuru shamba au nyumba iuzwe na fedha zigawanywe.

Hapa foleni haijaandikwa kwa uwazi kama ile ya rehani. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 zinataka tangazo la mauzo litaje mzigo wowote ulio juu ya ardhi, na mnunuzi aweke asilimia 25 ya bei papo hapo. Ni nani atakayelipa reti za nyuma hutegemea maneno ya amri ya mahakama na masharti ya mnada. Amri ikisema reti na pango zilipwe kutokana na fedha za mauzo kabla ya mgawanyo, mambo huwa mepesi. Amri ikinyamaza, nayo masharti ya mnada yakasema mnunuzi atabeba malimbikizo, basi ni yeye atakayetoa fedha hizo juu ya bei aliyotaja, maana bila cheti hatapata hati.

Ndiyo maana kila aliye katika kesi ya namna hii, awe mdai, mdaiwa au mrithi, ana sababu ya kumtaka wakili wake aiombe mahakama iandike sentensi hiyo moja kwenye amri. Taarifa ya deni la reti huombwa kwa kaunti na kuambatishwa kwenye ombi. Ni kazi ya siku chache, na huzuia mvutano unaoweza kuchukua miaka.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa kiwanja kinachotozwa reti ya shilingi 15,000 kwa mwaka, ambacho hakijalipiwa kwa miaka 10. Deni la msingi ni shilingi 150,000. Kiwango cha riba huwekwa kisheria na hutofautiana. Tuseme hapa ni asilimia 3 kwa mwezi, isiyozaa riba juu ya riba. Kila 15,000 iliyochelewa huongeza shilingi 5,400 kwa mwaka. Reti ya mwaka wa kwanza imechelewa miaka 10, ya pili miaka 9, hadi ya mwisho iliyochelewa mwaka mmoja. Ukijumlisha, riba peke yake inafika shilingi 297,000, karibu mara mbili ya deni la msingi. Jumla ni shilingi 447,000.

Sasa kiwanja hicho kiuzwe na mkopeshaji kwa shilingi milioni 6. Zinatoka kwanza 447,000 za reti na, tuseme, 40,000 za pango. Zinabaki 5,513,000. Gharama za mnada na mawakili zikiwa 350,000, zinabaki 5,163,000. Benki inadai 4,200,000 na inachukua zote. Zimebaki 963,000. Kuna sacco yenye rehani ya pili ya 500,000, nayo inalipwa. Mwenye ardhi anaondoka na shilingi 463,000.

Katika mfano huu benki haikupoteza chochote. Sacco haikupoteza, wala dalali. Riba ya reti ya shilingi 297,000 imetoka yote kwenye mfuko wa mwenye ardhi, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kama angalilipa reti kila mwaka, angalibakiwa na shilingi 910,000.

Mauzo yakileta fedha kidogo, mambo hugeuka. Kaunti na pango hulipwa vilevile mwanzoni, na anayekosa ni mkopeshaji, ambaye anaweza kumfuata mdaiwa kwa kilichobaki. Kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya wakopeshaji hudai risiti za reti kila mwaka kutoka kwa wateja wao. Mteja huona anasumbuliwa, ilhali mkopeshaji anailinda nafasi yake.

Msamaha wa riba

Kaunti hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha wa riba na faini za reti. Msamaha hauwezi kutolewa kwa simu wala kwa kujuana na afisa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka msamaha wowote wa kodi uwe na msingi wa sheria, uwekwe kwenye kumbukumbu za umma pamoja na sababu zake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Anayeahidi kufuta deni la mtu kwa ada ya pembeni anamuibia mtu huyo.

Msamaha huwa na manufaa makubwa zaidi kwa mtu ambaye ardhi yake iko njiani kuuzwa. Katika mfano wa hapo juu, kulipa shilingi 150,000 ndani ya kipindi cha msamaha kungaliokoa 297,000 zote. Kwa bahati mbaya, mtu aliyebanwa na benki huwa amekata tamaa na reti ndiyo ya mwisho akilini mwake.

Wenye nyumba bila ardhi

Mombasa ina jambo lake. Katika mitaa kama Majengo, wapo wanaomiliki nyumba huku ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, na wao humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Reti ni ya mwenye ardhi. Wenye nyumba wanaweza kulipa kodi hiyo kwa uaminifu kwa miaka 20 na kiwanja bado kikaingia kwenye kesi ya malimbikizo ya reti. Hakuna kinachowazuia kuuliza kaunti hali ya reti ya kiwanja walichojenga. Wakisikia kuna kesi, wakamwone wakili mapema ili waombe kusikilizwa kama wenye maslahi, kabla mauzo hayajathibitishwa.

Familia ambazo mzazi alifariki na hati bado iko kwa jina lake zinahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo. Kifo hakisimamishi reti. Notisi huendelea kutumwa kwa jina la marehemu, mara nyingi kwenye sanduku la posta ambalo hakuna anayelifungua. Msimamizi wa mirathi ana wajibu kisheria wa kulipa madeni ya marehemu kabla ya kugawa mali, na reti ni mojawapo ya madeni hayo.

Kabla na baada ya nyundo kugonga

Anayetaka kununua mnadani na achukue masharti ya mnada mapema, ayasome yote, na aombe kaunti taarifa ya reti ya kiwanja hicho pamoja na taarifa ya pango kutoka Wizara ya Ardhi. Masharti yakimtwika malimbikizo, kiasi hicho akipunguze kwenye bei anayokusudia kutaja. Akishanunua na sheria au amri inasema reti itoke kwenye fedha za mauzo, amwandikie muuzaji au mahakama akitaka uthibitisho wa malipo. Asitegemee ahadi ya mdomo ya dalali.

Mwenye ardhi naye hajafungiwa mlango mara tu nyundo inapogonga. Katika mauzo ya kutekeleza hukumu, anaweza kuomba yafutwe kwa kuweka mahakamani deni lililotajwa kwenye tangazo pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi. Anaweza pia kupinga mauzo kwa sababu ya udanganyifu au kasoro kubwa ya utaratibu iliyomletea hasara. Katika mauzo ya rehani, sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayowezekana. Bei ikishuka kwa robo au zaidi chini ya thamani ya soko, mkopeshaji huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo.

Ziada ya mauzo ya mahakama haitumwi nyumbani kwa mtu. Mwenye haki huiomba katika faili ileile ya kesi, akiwa na kitambulisho chake na, kama mmiliki amefariki, hati ya usimamizi wa mirathi. Katika mauzo ya rehani huiomba kwa mkopeshaji, na ana haki ya kuonyeshwa hesabu nzima: bei iliyopatikana, reti na pango zilizolipwa pamoja na risiti zake, gharama za mauzo, na deni lililokatwa.