Unguja hadi Maskati: saa tano na ushee

Kutoka Unguja hadi Maskati, ukipima kwa mstari mnyoofu, ni kama kilomita 3,900. Ndege isiyotua njiani hupita juu ya Somalia, ikavuka bahari na kuingia Oman, na safari nzima huchukua saa tano na ushee. Aliyepaa saa nane mchana atatua kwenye saa moja na robo usiku kwa saa yake ya mkononi. Maskati imetangulia kwa saa moja, kwa hiyo uwanjani atakuta saa mbili na robo.

Mabaharia wa zamani walihesabu kwa pepo. Kaskazi ilipotulia vizuri, kuanzia Desemba hivi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na tende, chumvi na mazulia. Jahazi lililopata upepo mwema lilikwenda kama kilomita 9 kwa saa; lau lisingesimama popote, masafa hayo yangelichukua siku 18, usiku na mchana. Lakini lilisimama Mogadishu, Lamu na Mombasa, kuuza na kuteka maji, na mwezi ukakatika. Kurudi nako hakukuwa kwa hiari ya nahodha. Alisubiri kusi ianze, mwezi wa Aprili, akapakia boriti za mikoko na kung'oa nanga kabla bahari haijachafuka. Katika kusubiri huko watu walioa, wakazaa, wakajifunza lugha ya wenyeji. Naamini undugu wa miji hii miwili ulijengwa zaidi na ile miezi ya kukaa kuliko siku za kusafiri.

Bahari hiyo haikumheshimu mkubwa wala mdogo. Seyyid Said, aliyeifanya Unguja makao ya utawala wake, alifariki ndani ya merikebu mnamo Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati. Mwili wake uliletwa Unguja, akazikwa huku.

Ajabu ni kwamba masafa yalirefuka zaidi wakati ndege zilikuwa tayari zinaruka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika, na wapo walioondoka wasijue kama watarudi. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warejee, na wengi wenye asili ya Unguja na Pemba wakaitikia. Ndiyo maana hadi leo utasikia Kiswahili katika nyumba za Maskati. Kwa miaka mingi kilichowatenga ndugu hao kilikuwa pasipoti na hofu. Kilomita zilikuwa zile zile.

Na hata sasa saa tano hazitoshi kwa kila jambo. Shangazi yangu alifariki alfajiri, hapa mjini Unguja. Sisi huharakisha kumsitiri maiti, tukamzika baada ya sala ya alasiri. Mwanawe aliyeko Maskati alipigiwa simu kabla jua halijachomoza, lakini siku hiyo hapakuwa na ndege ya moja kwa moja. Alipitia mji mwingine, akakesha uwanjani, akatufikia siku ya pili mchana. Tulimpeleka makaburini moja kwa moja, begi lake likiwa bado garini. Alisoma dua, akakaa kitako kando ya kaburi kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: nani walioshuka kaburini kumpokea mama yake.