Soni Sio Jinja: Soma Kabla Hujaingia Mtoni na Tyubu

Majuzi nikiwa kafe hapa Lushoto, vijana watatu wakaniita niangalie video. Watu wanane kwenye boti la mpira, helmeti kichwani, wanapiga kasia katikati ya maji meupe huku wanapiga kelele. Dogo mmoja akasema, "Braza, masika ikianza na sisi tunaingia Soni na tyubu za lori!" Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona sio la kucheka, ndio maana naandika.

Mchezo huo nimeucheza mara moja, kule Jinja, Uganda, Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Tulianza kwenye maji yaliyotulia: kupiga kasia pamoja, kuinama, kujirusha mtoni makusudi na kuvutwa kurudi botini. Nikaona wanatupotezea muda. Poromoko la tatu boti likapinduka! Nilikunywa maji mpaka basi. Lakini jaketi likanirudisha juu, nikalala chali miguu mbele kama tulivyofundishwa, na jamaa mwenye kayaki akanifuata akanivuta.

Sasa kwa nini Jinja inawezekana na Soni haiwezekani?

Kwanza, ukubwa wa mto. Nile pale ni mpana, una kina, na baada ya poromoko kuna maji tulivu ya kuokotea walioanguka. Mito yetu ya Usambara ni myembamba, mteremko mkali, mawe yako nje. Pale Soni, kando ya barabara ya Mombo, maji yanaporomoka juu ya mwamba. Boti litapita wapi?

Pili, mvua. Nile inalishwa na ziwa kubwa, haibadiliki ghafla. Mto mdogo wa mlimani unaweza kujaa kwa muda mfupi. Wewe upo Soni juani, kumbe huko juu imenyesha, maji yanakuja.

Tatu, mitego. Ukijaribu kusimama kwenye mkondo mkali, mguu unanasa kati ya mawe na maji yanakulaza kifudifudi, hata kama kina ni cha kiunoni. Mti ulioanguka mtoni unapitisha maji, mtu haupitishi. Na chini ya poromoko maji hujirudi nyuma, yanakuzungusha pale pale. Kujua kuogelea peke yake hakutoshi.

Wenye mchezo wao wanapanga maji haya madaraja 1 hadi 6. La 1 ni mkondo mwepesi, la 6 hata bingwa anaweza asitoke. Tyubu haina daraja lake hapo, jamani.

Mwenye hamu kweli ajichange na wenzake. Karibu zaidi ni Sagana, Kenya, kwenye Mto Tana. Ukienda Jinja, video za zamani zisikudanganye: maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa la umeme mwaka 2011, na bwawa la Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza mengine. Yaliyobaki bado yanatosha kukutoa jasho.

Popote uendapo, uliza mambo manne: jaketi linakubana vizuri? Helmeti ipo? Kuna mafunzo kabla? Nani anafuata nyuma kuokoa? Likikosekana moja, baki ukingoni upige picha.

Dogo wa kafe, najua unasoma. Hiyo tyubu irudishe kwenye lori.