Akisema hana raha, tumsadiki



Huku kwetu Singida mtu akiulizwa, "Habari za nyumbani?" hujibu, "Nzuri," hata kama ameacha mgonjwa ndani. Ndiyo adabu yetu. Mengine hufuata akishaketi: "Nzuri, ila..." Sisi wauguzi tumejifunza kuingoja hiyo "ila". Lakini tulijifunza kwa kukosea, na mwezi huu tunapenda kuwaeleza kosa letu.

Mama mmoja, aliyejifungua miezi mitatu kabla, alikuja kwetu mara nne. Alilalamika kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Tulipima malaria na damu, hatukuona kitu. Mara ya nne alisema kwa sauti ndogo, "Sina raha ya kitu chochote, hata ya mtoto huyu." Mama mkwe wake akacheka: "Nesi, huyu anakosa nini? Nyumba ya bati anayo, mume ana mashine ya kukamua alizeti!" Nasi tukamsadiki mama mkwe. Tulimpa mgonjwa vidonge vya kichwa akaenda. Baada ya wiki mbili aliletwa usiku, amejaribu kujiua. Tunamshukuru Mungu alipona.

Siku hizo hizo tulimtembelea bibi mjane anayeishi katika tembe. Alituambia ameridhika na ana furaha. Tulipotoka tukasema, "Maskini, anajipa moyo tu." Kumbe bibi yule alikuwa analala vizuri, anakula ugali wake wa uwele kwa mlenda, na jumuiya hakosi. Wote wawili walisema kweli. Sisi hatukuwasikiliza, tulitazama bati na tembe. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1, tunasoma habari za Hana. Mumewe alimpenda, akaona kwamba kwa kuwa naye, Hana hakuwa na sababu ya kulia. Kuhani Eli aliona midomo yake ikicheza bila sauti, akadhani amelewa. Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikia, akaacha dhana yake, akamtakia amani. Tumwige Eli katika hilo.

Sonona ni ugonjwa

Huzuni ya msiba au ya mavuno mabaya hutupata sote. Lakini mtu akikosa raha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, halali vizuri au analala mno, hali chakula, anachoka bila kazi, anajiona hafai, huenda ana sonona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 280 duniani walikuwa nayo. Huwapata matajiri na maskini, wanaume na wanawake, na akina mama baada ya kujifungua. Siyo uvivu, wala siyo upungufu wa imani.

Tufanye nini nyumbani?

1. Baada ya salamu, uliza tena mkiwa wawili tu: "Na wewe mwenyewe, moyoni ukoje?" Kisha nyamaza, usikilize.

2. Usimwambie, "Wenzako wana shida kuliko wewe." Atanyamaza, na ugonjwa utabaki.

3. Uliza juu ya usingizi, chakula na kazi. Hayo yatakueleza kuliko paa la nyumba.

4. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake, weka mbali dawa na sumu za shambani, na umlete hospitali siku hiyo hiyo.

5. Tiba ipo: mazungumzo na mshauri, na kwa wengine vidonge. Vidonge huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na visiachwe bila kumwona tabibu. Wanaohitaji msaada zaidi hupelekwa Mirembe, Dodoma. Sala iendelee pamoja na dawa.

Mama yule alitibiwa. Siku moja alipita kliniki, mtoto mgongoni. Tulimwuliza habari, akajibu, "Nzuri." Tukangoja. Safari hii hapakuwa na "ila".

Tumsifu Yesu Kristo!