Wilaya Mbili na Taifa la Cape Verde

Tarehe 13 Oktoba 2025, katika Uwanja wa Taifa mjini Praia, uwanja uchukuao watazamaji wapatao 15,000 tu, timu ya taifa ya Cape Verde iliishinda Eswatini kwa mabao 3-0. Kwa ushindi huo ikajipatia nafasi katika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2026, na Cameroon, ambayo imekwisha kucheza fainali hizo mara nane, ikaachwa nyuma katika nafasi ya pili ya kundi. Nchi hiyo ni visiwa kumi katika Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Senegal, na kimoja kati ya hivyo hakikaliwi na watu. Wakazi wake wote ni takriban nusu milioni.

Sasa tuitazame sensa yetu wenyewe. Mwaka 2012, mwaka ambao Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, Karagwe ilihesabiwa kuwa na watu 332,020 na Kyerwa watu 321,026. Ukizijumlisha unapata watu 653,046, na tangu hapo wamezidi kuongezeka. Kwa maneno mengine, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, zilizo mbali na bahari na mbali na makao makuu ya kila kitu, zina watu wengi kuliko taifa zima lililofika Kombe la Dunia.

Hatukuitoa hesabu hii ili kumwaibisha mtu. Wilaya si dola, haina ubalozi wala timu ya taifa, na hatudai kwamba Kayanga icheze na Hispania. Tumeitoa kwa sababu tumechoka kusikia uchache wa watu ukitajwa kama udhuru wa visiwani, na umbali ukitajwa kama udhuru wa bara. Cape Verde imekuwa na nyudhuru zote mbili, tena imekuwa na ukame juu yake.

Wazee wetu wanaikumbuka nchi hiyo kwa jambo jingine. Ilijipatia uhuru wake kutoka kwa Wareno tarehe 5 Julai 1975, baada ya mapambano yaliyoongozwa na Amílcar Cabral, ambaye aliuawa Januari 1973 kabla hajayaona matunda ya kazi yake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, ilikisaidia chama chake. Nchi iliyopata uhuru wakati huo ilikuwa kavu na maskini, na kwa vizazi vingi watu wake walikuwa wakihama: wengine Ureno, wengine Marekani, wengine Uholanzi na Ufaransa. Inakubalika leo kwamba wenye asili ya visiwa hivyo waishio ng'ambo ni wengi kuliko waliobaki nyumbani. Iliingia katika FIFA mwaka 1986. Haikucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mpaka 2013, baada ya kuitoa Cameroon hiyohiyo, na mara hiyo ya kwanza ikafika robo fainali.

Ilifikaje? Jibu lake ni neno moja ambalo sisi hatulitilii maanani: ilitafuta. Kisa cha mlinzi wake Roberto Lopes kimesimuliwa sana, nacho kinastahili kusimuliwa hapa. Lopes alizaliwa Dublin, Ireland, kwa baba wa Cape Verde na mama wa Kiairishi. Alikuwa akicheza kandanda katika ligi ya nchi hiyo, na kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika benki. Siku moja alipelekewa ujumbe katika mtandao wa LinkedIn, ambao watu huutumia kutafutia kazi. Ujumbe uliandikwa kwa Kireno. Kwa kuwa hakujua lugha hiyo aliudhania upuuzi, akauacha. Aliyeuandika alikuwa Rui Águas, mwalimu wa timu ya taifa wakati huo. Miezi kadhaa ikapita, mwalimu akaandika tena, safari hii kwa Kiingereza, akiuliza kama kijana ameufikiria wito. Lopes akashtuka, akakubali, na tangu 2019 amekuwa nguzo ya ulinzi.

Msomaji asije akadhani kwamba ni wageni wa damu peke yao. Mlinda lango Vozinha ni mzaliwa wa Mindelo, kisiwani São Vicente. Stopira, aliyefunga bao la tatu dhidi ya Eswatini akiwa na umri wa miaka 37, ni mzaliwa wa Praia. Mwalimu Bubista, aliyekabidhiwa timu mwaka 2020, ni mtoto wa visiwa na aliwahi kuwa nahodha wa timu hiyohiyo. Na jambo ambalo viongozi wetu wa michezo wangefaa kulisoma mara mbili: timu hiyo ilishindwa kufuzu kwa fainali za Afrika za 2025, ikashika mkia katika kundi lake. Mwalimu hakufukuzwa. Mwaka mmoja haujapita akawapeleka Kombe la Dunia. Kwetu sisi angekuwa amekwisha kubadilishwa mara mbili, na wa tatu anasubiri uwanja wa ndege.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba watauliza: na sisi je? Swali lao ni la haki. Sensa ya 2022 iliihesabia Zanzibar zaidi ya watu milioni 1.8, zaidi ya mara tatu ya Cape Verde. Zanzibar imewahi kulitwaa Kombe la CECAFA, mwaka 1995 nchini Uganda. Machi 2017 Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kandanda la Afrika uliofanyika Addis Ababa uliipokea kuwa mwanachama kamili wa 55. Julai mwaka uleule mkutano mwingine, huko Rabat, ukaufuta uanachama huo. Desemba ikafuata, na vijana walewale walionyang'anywa kiti wakaishinda Uganda katika nusu fainali ya CECAFA nchini Kenya, wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji katika fainali, wakashindwa kwa mikwaju ya penalti. Mintarafu ya kiti hicho, neno la mwisho liko kwa wakubwa wa dunia na kwa muundo wa Muungano wetu. Lakini mlango wa Taifa Stars haukufungwa Rabat, na ni timu ya pande zote mbili. Timu hiyo ilicheza fainali za Afrika mara ya kwanza mwaka 1980 huko Nigeria, ikangoja miaka 39 mpaka 2019 kurudi, na katika fainali za 2025 nchini Morocco ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tunapanda. Tunachouliza ni wapi wachezaji wa kesho wanatafutwa, na nani aliyepewa kazi hiyo.

Turudi Karagwe na Kyerwa, kwani huko ndiko swali linakouma. Kijana wa Murongo, mpakani na Uganda, husema Kinyambo, lugha ambayo jamaa zake wa ng'ambo ya Mto Kagera huisikia bila mkalimani. Ana shangazi huko na mjomba huko. Akionekana ana kipaji, swali la kwanza analoulizwa haliwi la mguu wake, bali la baba yake alizaliwa wapi. Watu wa Kagera hawajaisahau Septemba 2013, wakati wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu, ambapo hata baadhi ya raia walijikuta upande usio wao. Ulinzi wa mpaka ni kazi ya haki ya serikali, na mkoa ulioonja uvamizi wa 1978 hauhitaji kufundishwa hilo. Hata hivyo, mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa hawezi kuthibitisha umri wake wala uraia wake, na bila hivyo viwili hakuna timu ya vijana itakayomsajili.

Januari 2025 wachezaji watatu kutoka Afrika Magharibi, wote wa klabu moja ya Ligi Kuu, walipewa uraia wa Tanzania. Hatusemi kwamba sheria ilivunjwa. Tunasema kwamba ofisi ikitaka, karatasi hupatikana. Cape Verde humpa uraia mtoto wa mtoto wake aliyezaliwa ng'ambo, bila kumtaka aache uraia mwingine. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na huo ni mjadala mrefu ambao Bunge linaujua. Lakini kijana wa Murongo au wa Kaisho haombi uraia wa pili. Anaomba wa kwanza uandikwe.

Liko na suala la viwanja. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima. Ardhi tambarare ni adimu, nayo imejaa migomba na mibuni; kinachobaki kwa mpira ni uwanja wa shule ulioinama, ambao timu moja hucheza ikipanda na nyingine ikishuka hadi mapumziko. Nyasi bandia ziko Kaitaba, Bukoba. Kutoka Bugene hadi Kyaka tu ni kilomita 59, na Bukoba iko mbele zaidi ya hapo. Tena kulikuwa na miaka, mwanzoni mwa karne hii, ambapo michezo ya shule iliwekwa kando kabisa. Kizazi kizima kikapita bila UMITASHUMTA wala UMISSETA. Michezo hiyo ilirudi, lakini katika shule nyingi imerudi kama shughuli ya wiki chache, mwalimu akitoa fedha zake mfukoni kununulia mpira. Na Kagera Sugar, timu ya mkoa iliyokuwa Ligi Kuu kwa miaka mingi, ilishuka daraja mwaka 2025, hata kile kioo cha karibu kikaondoka.

Halmashauri hizi mbili hukusanya ushuru wa kahawa. Kusawazisha uwanja mmoja katika kila tarafa, kuupimia hati ili asiuvamie mtu, na kuukabidhi kwa shule iliyo jirani, si kazi ya kungojea mfadhili. Tunawaomba madiwani wa Karagwe na wa Kyerwa waanze na orodha: viwanja vilivyopo, vilivyovamiwa, na visivyo na hati. Tunaliomba Shirikisho la Kandanda la Tanzania limtaje kwa jina la cheo ofisa ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto wa wilaya za mpakani wakicheza UMITASHUMTA, si fainali za taifa peke yake, bali zile za kata. Nao wakala wa vizazi na vifo na Idara ya Uhamiaji watueleze, mtoto wa Murongo mwenye umri wa miaka 13, asiye na cheti, ambaye nyanya yake amezikwa Uganda, aende katika ofisi ipi, na arudi lini kuchukua karatasi yake.